Mama wa Yatima

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Mungu. Goti linaendeleaje? Sisi wazima, hata paa limeacha kuvuja.

Mwanao siku hizi anaimba. Ile tamthilia ya televisheni aliyoigiza kama yatima imekwisha, lakini jina la Yatima limemganda, na wasichana wa shule wanalia wakimwona jukwaani. Majirani waliponiita Mama Yatima nilicheka nao.

Juzi redioni mtangazaji akamwuliza, "Wimbo huu wa mama umemtungia nani?" Akajibu kwa sauti ya kilio, "Marehemu mama yangu." Dada, mimi nilikuwa nimeshika pasi, nanyoosha shati lake la jukwaani!

Aliporudi nikamwuliza, "Umenizika lini?"

"Mama, usikasirike. Meneja anasema mashabiki wanapenda yatima."

"Basi shati akupigie pasi meneja."

Akacheka! Nimesali hasira initoke, lakini nikiinuka tu, hii hapa.

Leo wasichana wawili wamebisha hodi na maua. "Shikamoo shangazi. Tumeleta ya kaburi la mama yake." Walikuwa na machozi ya kweli, nikashindwa kuwafukuza. Nimeyatia kwenye jagi, nikayaweka mezani mbele ya kiti chake. Amekula bila kuinua macho.

Mwisho wa mwezi anarudi redioni. Wewe mama yake mkubwa anakuogopa, hebu mwambie aseme nipo. Nijibu upesi, tafadhali.

Mdogo wako, niliye hai.