Nafasi ya bure kwa carte yangu

Joyeuse, uko wapi? Jibu. Haya imenishika.

Natoka mu réunion ya plan ya quartier safi, ile mupango ya kusafisha mutaa, huku Ruwenzori. Unajua, ile carte, ramani ya mutaa, njo mi nilichora.

Chef wa quartier akasema: "Juu ya égalité, bote basawa, ombi ya kufungua tupatie mama wa badéplacés." Ni Mama Jokébed, ule wa kukimbia vita kule Mbau, mwenye ananiuzishaka sombe, majani ya muhogo. Akaomba muzuri! Akashukuru Mungu juu ya carte. Akashukuru juu yangu, na jina yangu kabisa!

Kisha bakafungua carte ku ukuta. Robinet za maji, kwa banyumba ya matofali. Shimo ya takataka ya quartier nzima, ku nafasi ya bure.

Joyeuse, ile nafasi ya bure njo kwa Jokébed! Nilihesabu tu nyumba zenye ziko na numéro ku mulango. Jokébed analala mu hema ya bâche, na bâche haina mulango. Nilinunua sombe pale, nikaandika "hakuna mutu". Nilinunua sombe pale!!

Akaniuliza polepole: "Séphora, na sisi tuko wapi?"

Nikasema tubadilishe. Chef: "Imeisha kusainiwa. Lakini siku ingine tutabakumbuka." Akamuomba tena Jokébed afunge na ombi. Jokébed akakatala: "Mwenye alichora, yeye aombe."

Bote bakainamisha vichwa. Na mi nikaomba, Joyeuse. Nikasema asante Mungu juu ya quartier safi. Bakaitika amina.

Nilipofungua macho, Jokébed hakuwa amefunga yake.