Pazia Si Ukuta

Jumatatu, 3 Machi
Na bado nasema sirudi Gorong'a, kijijini kwa wakwe. Mama mkwe kapiga simu tena asubuhi, nikiwa nachota maji. Eti bibi harusi anakaa na mama mkwe mpaka mume amalize chuo. Desturi ni hiyo, najua, hata mama yangu alikaa hivyo. Lakini mimi sikuolewa na Marwa ili nimwone Krismasi! Nikisikia viatu vyake barazani moyo bado unaruka. Jumamosi baba mkwe anakuja kunichukua. Aje.

Jumatano, 5 Machi
Mtaa huu wa Ukutani hauna mke mwingine ila mimi. Chumba kimoja kimoja, mgongo kwenye ukuta wa chuo kikuu, wanafunzi watupu. Muziki kutwa. Boom likiingia, yaani pesa ya mkopo, mtaa wote unanuka chipsi. Likiisha wanakuja kuniomba chumvi.
Leo wasichana wa chumba cha pili wameniuliza, "Wifi, mmeoana kweli au mmejishikiza kama wenzenu?" Nikawaonyesha pete. "Pete hata sokoni zipo!" Nimeudhika.
Nimenunua pazia la maua mekundu, nimekigawa chumba. Huku kitanda, huku sebule. Marwa kasema ni ikulu. Mume wangu huyu!

Jumamosi, 8 Machi
Aibu. Mvua ilinyesha. Baba mkwe kafika na matope mpaka magotini. Shikamoo baba, karibu ndani. Hakusogea. Kwetu Wakurya baba hakanyagi anapolala mwanawe na mkewe. Nalijua hilo tangu utoto. Nilidhani pazia litatosha! Akaliangalia, akasema taratibu, "Bhoke mwanangu, pazia si ukuta."
Alikula ugali nje, kwenye kigoda, matone yakimrukia. Mwanafunzi mmoja akapaza sauti, "Mzee kanyimwa geto!" Geto, yaani chumba. Nilitaka kummwagia maji ya sufuria.
Hakunichukua. Kasema tukipata pa kumketisha kabla ya mwisho wa mwezi, nabaki. Tusipopata, narudi naye. Marwa aliinamisha kichwa. Mimi hapana.

Jumanne, 11 Machi
Miguu inauma. Mitaa yote ya karibu na chuo, wenye nyumba wameshazigeuza sebule kuwa vyumba vya wanafunzi. Mtaa wa wahadhiri una lami, mageti, mbwa. Kimya mpaka unasikia nyuki. Mama mmoja alinichungulia kwenye tundu la geti. "Hatupangishi wanafunzi." Nikamwambia mimi si mwanafunzi, ni mke wa mtu. "Ndiyo kabisa. Kesho watoto watanichezea bustani." Abaki na bustani yake. Watoto wangu watacheza kwingine, na watakuwa wazuri kama baba yao.

Ijumaa, 14 Machi
Nimepata! Mtaa wa Mnadani, ng'ambo ya kijito. Mbali. Vyumba viwili, mlango katikati. Sakafu ya udongo imebomoka, na siku ya mnada ng'ombe wanapita hadi dirishani.
Nikifunga mizigo, wasichana wakaniimbia, "Wifi anakwenda kunuka samadi!" Ndiyo, nakwenda kunuka. Samadi iko mlangoni, na mimi ni binti wa kijijini, wa Machochwe. Nilianza kusiriba sakafu kwa samadi kabla sijajua kusoma. Tena nitanuka nikiwa na mume wangu.

Jumatano, 19 Machi
Mikono imechubuka. Nusu ya sakafu imekauka, nusu mvua imeiharibu kupitia paa. Marwa kakosa kipindi, kapanda juu kuziba. Mama mkwe kapiga simu: nimeanza kupanga nguo za safari? Nimemjibu kwa heshima kwamba nguo zangu zimetundikwa.
Kesho naanza upya ile nusu.

Jumapili, 23 Machi
Sakafu imekauka yote. Pazia nimelihamishia dirishani. Sebule ina kigoda kimoja, kile kile.
Marwa anatembea mbali sasa kwenda darasani. Akirudi ananiita "mke wangu" tangu kwenye kijito, ng'ombe wote wanasikia. Nampenda jamani.
Jioni nimempigia baba mkwe, nikamweleza vyumba vilivyo. Akauliza mlango wa katikati ni wa nini. Wa mbao, baba. Unafungwa? Unafungwa. Nilisikia mbuzi wake kwa mbali.
"Basi," akasema. "Kabla mwezi haujaisha nitakuja. Na ugali nitakula ndani."