Jicho Lisilopigwa Pindo

Jumamosi, 1 Machi

Mwanangu ni bwege, na daktari wa macho ni bwege mwenye koti jeupe. Jana tunamtoa mjukuu wangu hospitali, ati akifikisha wiki nne arudishwe apimwe macho. Anayo mawili, nimeyahesabu.

Daktari akatuchorea. Nyuma ya jicho kuna utando wenye seli za kunasa mwanga. Za rangi hutangulia, za gizani hufuata, na za katikati kabisa hukamilika mtoto keshaanza kukimbia. Huyu wetu kawahi miezi miwili, mishipa ya kuzilisha haijafika ukingoni. Ikipotea njia, utando unabanduka. Nikamwambia, baba, nimeshona nguo miaka arobaini, isiyopigwa pindo naijua. Akacheka — meno kama ya sungura.

Njiani mwanangu kauliza: wiki nne tangu lini, mama? Tangu leo, nikamjibu. Zile wiki tatu kwenye sanduku la kioo la hospitali si kuzaliwa, ni mimba iliyohama nyumba. Mkwe wangu akafungua mdomo. Nikamtazama. Akaufunga.

Jumapili, 9 Machi

Mkwe ananong'ona na dada yake kwenye simu. Ati wiki nne zimetimia juzi. Nimemwambia hesabu ya nyumba hii naiweka mimi. Kambeba mtoto, kaingia chumbani. Afadhali.

Jumatano, 12 Machi

Muuguzi wa kliniki ya macho kaja kupima gauni lake. Bibi, mbona hamkuja Ijumaa? Bado wiki mbili na siku mbili, nikasema. Akaweka mkoba chini. Jicho halijui sanduku wala nyumba, bibi, linahesabu tangu lilipotoka tumboni.

Alipoondoka nilishona mkono wa gauni kwenye kiuno.

Alhamisi, 13 Machi

Kwenye benchi la kliniki. Meno ya Sungura kammulika mtoto, mtoto kalia mpaka kakauka sauti. Safari hii hacheki. Anasema mishipa ya ukingoni inaota ovyo, kama nyuzi zilizofumuka. Seli bado zi hai. Ukingo huo uchomwe kwa mwanga wa leza leo hii, kesho si ya kutegemea.

Mwanangu ana karatasi ya kukubali, na kalamu. Ndevu zote zile, ananitazama mimi! Ubwege huu nilimshonea mwenyewe, kwa vipimo vyangu. Mkwe hanitazami kabisa.

Nimemwambia: ondoa macho kwangu. Mpe mkeo kalamu, yeye ndiye aliyehesabu sawa. Atie sahihi sasa hivi.