Tulimshukuru Mungu Kwamba Océane Amemaliza Hesabu

Papa Mwamba, mimi ni mama wa batoto watatu, tunakaa Ganshoren, nimezoea kusoma majibu yako kwenye gazeti ya kanisa na kucheka bantu wengine, bon, leo ni zamu yangu, unisaidie tu. Mutoto wangu wa kwanza, Océane, ana miaka kumi na sita, mwezi wa kumi mwalimu wake alituita akasema amemaliza hesabu zote za secondaire, dérivées, intégrales, kila kitu, hana tena cha kumupa, na mimi kwa furaha nikashonesha pagne, Jumapili nikasimama mbele na bwana yangu Donatien na batoto, nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amefanya mutoto wetu amalize hesabu, bantu wakapiga makofi, wakacheza, kikapu cha matoleo kikapita mara mbili. Alors kuanzia pale kila muntu anaona Océane hana kazi, na juu Jumatano mchana shule hakuna, wanamuletea batoto wao awafundishe, sasa wamefika kumi na mmoja kwenye salon yangu, tonton Banza naye anakuja na maswali yake ya permis ya kuendesha gari. Shuleni mwalimu anamukalisha nyuma asahihishe makaratasi ya wenzake. Kumbe yeye mwenyewe ameandikia profesa mmoja wa université, na profesa amekubali akae kwenye somo lake la algèbre kila Jumatano saa nane, anataka tu saini ya mzazi kabla ya Ijumaa. Nikamuambia, "Lakini hesabu si ulimaliza?" Akaniangalia, akasema, "Maman, nilimaliza kitabu." Tangu siku ile hasemi na mimi. Sasa nikisaini, bantu wataniuliza kwa nini ninawarudishia batoto, nitajibu nini, kwamba nilisimama mbele ya Mungu na micro nikasema uongo? Donatien anasema nikuandikie wewe, yeye hataki kuingia kati.

Alphonsine

*

Maman Alphonsine,

Donatien ana akili: ameona shida, akaitupa kwangu.

Mimi shule niliacha primaire, siku walipoleta sehemu. Hata leo ukinipa robo tatu ya mkate nauliza kwanza nani amekula robo. Donc nilienda Koekelberg kwa Guylain, ingénieur, nikamuuliza hesabu inaishia wapi. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Papa, ile ya secondaire njo mlango wa parcelle, geti ya nje. Nyumba yenyewe mutoto hajaiona."

"Na wewe uliingia nyumbani?"

"Nilifika barza tu, Papa."

Na ule anajenga madaraja!

Uongo hukusema. Ulisema kitu usichokijua, kwa sauti kubwa. Kanisani tunafanya vile kila Jumapili, na pasteur njo wa kwanza. Lakini kosa liko, tusifichane: ulishukuru, halafu ukamukata mutoto kama keki ya ubatizo, kila muntu kipande chake. Océane hakuomba kupumzika, aliomba kazi. Nina wajukuu wanne Molenbeek, ugonjwa kama huo sijausikia kwao hata siku moja.

Saini leo, hata kama mkono uko na unga wa bukari. Jumatano ya kwanza mupeleke mpaka mlangoni, halafu urudi. Usiingie kukaa kando yake na kitambaa chako kichwani. Aulize profesa kama anaweza kufanya mtihani pamoja na wengine, apate karatasi yenye jina lake. Mwalimu wa shule muambie kwa upole asahihishe makaratasi mwenyewe, anapewa mshahara. Saa zile Océane afanye mazoezi ya profesa. Yatamushinda mwanzoni. Muache alie kidogo, kushindwa hajakuzoea.

Batoto kumi na mmoja wapeleke kwa Hervé wa chorale, anapenda sana kusikilizwa, sasa atasikilizwa. Banza amefeli permis mara tatu, na si juu ya kukosa algèbre. Anunue kitabu, akifungue.

Bantu wakikuuliza, jibu: "Nilikosea, bado iko mingi." Maneno manne, hayajaua muntu.

Na akirudi ile Jumatano, usimuulize amejifunza nini. Hautaelewa, mimi pia. Muulize kama amekula.

Papa Mwamba