Inchi Nne Upande wa Kulia

Jumanne, Kamukuywa. Mvua imenyesha kutoka saa nane mpaka saa kumi na moja, halafu ikaacha tu, kama mtu amechoka kuongea. Mimi niko sawa. Sisemi niko vizuri, nasema niko sawa, kama mawe iko sawa.

Wale mnasoma hapa kwa ukurasa wangu mnanijua. Mimi ndiye yule niliteremsha lori ya mahindi kutoka mlimani bila breki, nikashika gia ya kwanza na maombi, mpaka nyani wakatoka msituni wakasimama mstari mmoja kunitazama. Shule niliachia darasa la saba, lakini hakuna profesa amewahi kufanya hivyo. Hiyo stori nimeiandika hapa mara tatu na kila mara nyani wanaongezeka. Leo sina nguvu ya kuwaongeza.

Tangu mke wangu, Mama Wekesa, aanguke na kiharusi akichambua maharagwe pale jikoni, mimi nakula bila kujua kama chakula iko na chumvi. Sokoni naongea, watu wanacheka, na mimi nasikia mdomo ikifanya kazi peke yake.

Sijalia. Watu waliniangalia hospitalini wakingoja. Hakuna kitu ilikuja.

Sasa mambo ya gari.

Gari yangu ni dabokebini ya zamani, pikapu ya milango minne, ndiyo ya kwenda sokoni, ndiyo ya kanisa, ndiyo ya kubeba mbolea, na kila Jumatano ndiyo ya kumpeleka Mama Wekesa Kitale akanyooshwe mguu. Kutoka lami mpaka kwangu ni kilomita nne za udongo, na katikati kuna kijito kina jiwe moja limekaa kama mwenye shamba. Mvua ikinyesha, magurudumu yanazama kwa mitaro na tumbo ya gari inalala juu ya hilo jiwe. Mwezi huu tumekwama mara mbili. Mara ya pili, majirani walimtoa ndani wakambeba kwa mkokoteni mpaka nyumbani, amefunikwa na mfuko wa mbolea juu ya mvua. Kliniki ikampita.

Sista wa mazoezi pale kliniki aliniambia wazi: akikosakosa hivi, huo mguu wa kushoto utalala moja kwa moja.

Ndiyo maana nataka kuinua gari. Kwa mafundi kuna chaguo nyingi, lakini kwa gari yangu ni mbili tu: inchi mbili ama inchi nne. Kwa mdomo wangu ilikuwa moja. Hapa sokoni nilitangaza nne kitambo. Nilisema ng'ombe atapita chini ya hiyo gari na pembe zake. Nilisema nitakuwa nikiongea na watu wa ghorofa ya kwanza dirisha kwa dirisha. Mtu akishasema hivyo, kurudi mbili ni kama kukubali suruali imeshuka.

Fundi wangu wa Matisi pale Kitale, Njoroge, mtu wa shati safi hata akiwa chini ya gari, aliniuliza mapema, "Mzee, huyu mama atapandaje?"

Nikamwambia atazoea.

"Inchi mbili na tairi kubwa kidogo, utapita hilo jiwe ukiendesha pole pole. Nne ni ya mtu anataka kuonekana."

Nilijua ni kweli, na nilijua pia kitu kingine ambayo sijamwambia mtu. Naiandika hapa kwa sababu huku hamnioni uso.

Nafula, dada ya mke wangu, anaishi Bungoma mjini karibu kabisa na hospitali. Amesema mara nyingi, "Shemeji, mlete akae kwangu mpaka apone, kwangu ni lami mpaka mlangoni." Mama Wekesa hataki. Anasema mwanamke akitolewa kwake mgonjwa, kurudi ni bahati. Sasa mimi nilikuwa nimepiga hesabu yangu kimya kimya: gari ikiwa juu sana hawezi kupanda, na kama hawezi kupanda hawezi kwenda kliniki, na kama hawezi kwenda kliniki basi itabidi aende kwa Nafula. Hakuna mtu angesema Baba Wekesa alimfukuza bibi yake. Wangesema ni gari.

Ningelala. Hiyo tu ndiyo nilitaka, nadhani. Kulala bila kusikiza kama anapumua.

Jana asubuhi niliacha gari Matisi nikaenda Bungoma kwa gari ya abiria. Nilimwambia mke wangu naenda kuona mambo ya mbegu. Nafula alinionyesha chumba. Ameshatandika kitanda, ameweka na fimbo ya kutembelea kwa kona. Nikiwa nimesimama hapo mlangoni, Njoroge akanipigia simu.

"Mzee, niko na springi hapa. Nianzie wapi?"

Mafundi wote huku, kwa Kizungu chao cha gereji, huita springi za nyuma "za ria". Na mimi ni mtoto wa Sirisia bana, kwetu r na l ni mapacha, wanavaliana nguo. Nikamwambia, "Inua za lia kwanza. Inchi nne. Zingine nitaamua."

"Za lia?"

"Za lia! Si unasikia?"

"Sawa, mzee."

Leo saa nne nikafika Matisi. Gari imesimama nje kama mlevi ameegemea ukuta. Upande wa dereva uko juu, mbele na nyuma. Upande wa abiria uko chini vile ilikuwa imezaliwa. Mafundi wa jirani wamekaa juu ya tairi wanaitazama kama sinema.

Nikamwita. "Njoroge! Hii ni nini umefanya?"

"Si ulisema za kulia?"

"Nilisema za lia! Za nyuma!"

Akanitazama kutoka kichwa mpaka kwa tumbo. "Mzee, usikasirike. Mimi niliona ina maana. Mtu wa mwili kama wako akikalia upande mmoja miaka yote hiyo, springi za kulia lazima zichoke."

Wale wengine wakaanguka chini na kicheko. Mmoja akasema, "Huyo aongezewe inchi ya tano!"

Siku zingine ningemjibu huyo mpaka arudi kwao. Leo nilichukua tu ufunguo. Njoroge akasema ningoje airekebishe, nikamwambia nitairudisha kesho, kwa maana kesho ni kliniki na nitakuja Kitale hata hivyo. Aliniambia niende pole pole na nisikate kona kwa kasi. Nikatoka Kitale nikiwa nimekaa juu ya barabara kama nimepanda ngamia wa mguu mmoja.

Kamukuywa wakaniona. Muuza nyanya akapiga kelele, "Baba Wekesa, ng'ombe atapitia upande gani?"

Nikasema hii ni teknolojia ya kulima mlima bila kuanguka, imetoka ng'ambo juzi. Walicheka sana. Wengine, naapa, waliamini.

Mama Wekesa alikuwa amekaa kwa kiti chake nje ya mlango, mkono wa kushoto kwa paja, leso kichwani. Aliitazama gari ikiingia. Akainamisha kichwa upande mmoja ili aione ikiwa sawa. Halafu akacheka. Mdomo wake siku hizi hucheka upande mmoja tu, kwa hivyo yeye na gari walikuwa wameinama pamoja. Sijamsikia akicheka tangu aanguke.

Nilisubiri nijisikie kitu.

"Baba Wekesa," akasema, maneno yake bado ni mazito, "ni nani amekugonga?"

Nikamweleza yote, lia na kulia, na tumbo yangu. Akacheka tena mpaka akafuta macho na ncha ya leso. Kisha akaangalia ule upande wa juu.

"Hivyo ndivyo itakuwa? Pande zote?"

Nikasema ndiyo. Inchi nne.

"Nipeleke huko nijaribu."

Nilimshika mkono tukazunguka mpaka mlango wa dereva. Kwa mlango huo mguu wa kushoto ndio hutangulia, na huo ndio ule mbovu. Nilimwambia. Akasema anajua mguu wake kuliko mimi.

Alishika mlango kwa mkono wa kulia. Akajaribu kuinua mguu, ukafika nusu, ukaanguka. Akapumzika. Mara ya pili aliegemea mlango kwa bega, akashika goti kwa mkono wake mzima, akalivuta juu vile unainua mtoto amelala. Kisigino kikagusa ukingo, kikateleza, kikarudi chini kwa matope.

Akasimama hapo akiangalia kiatu chake.

"Basi," akasema. "Kama ni hivi nipeleke kwa Nafula."

Kumbe alikuwa anajua. Sijui kama alijua juu ya chumba, ama alijua tu vile mke hujua. Hakunitazama akisema.

Sasa sikizeni. Kando ya ukuta, hatua mbili kutoka mahali nilikuwa nimesimama, kulikuwa na kipande cha mbao, ile nene ilibaki tulipotengeneza zizi. Niliiona. Niliiona vizuri kabisa na nilijua ni ya nini. Mtu akikanyaga mbao, chini inapanda, gari inashuka. Hata mtu wa darasa la saba anajua hiyo.

Sikuenda kuichukua.

Nilisimama. Sijui ni muda gani. Jogoo alipita kati yetu akaenda zake. Nilikuwa nasikia hiyo neno, Nafula, ikikaa vizuri kwa kichwa, kama kitanda imetandikwa. Sikuona aibu. Sikuona huruma. Ningeweza kuwadanganya hapa niseme moyo uliniuma. Haukuuma. Ndiyo ilikuwa mbaya.

Yeye ndiye aligeuka. Aliniangalia, akaangalia mbao, akaniangalia tena.

"Umesimama kama nguzo ya stima," akasema. "Nipe hiyo mbao."

Nikampa. Niliiweka chini ya miguu yake, nikaikanyaga pembeni isitingishike. Akapanda juu ya mbao kwanza, akapumua. Akashika goti tena. Mguu ukaenda, ukakaa kwa ukingo, ukabaki. Mimi nilikuwa nyuma na mikono imenyooka kama golikipa, lakini hakunigusa. Alijivuta na ule mkono mmoja, akasema kitu kwa Kibukusu ambayo mtu wa kanisa hafai kusema, na akaingia.

Akakaa nyuma ya usukani, juu huko kwa upande wa juu. Miaka ishirini na nane nimemuoa, na hajawahi kukaa hapo. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni. Akapiga honi. Kuku wote wakakimbia.

"Hii mbao ni inchi ngapi?"

Nikaenda kuleta futi ya kupimia, nikapima mara mbili. "Mbili."

Akahesabu polepole na vidole vya ule mkono mzima, nne, akakunja viwili.

"Basi ni mbili," akasema. "Na tumbo lako utapunguza wewe mwenyewe."

Nilimpigia Njoroge hapo hapo. Nikamwambia, "Weka mbili. Pande zote nne. Na zile tairi ulisema." Nikajua anangoja nimpe stori, vile nilikuwa nataka nne lakini serikali imekataza, kitu kama hiyo. Sikumpa. Akasema, "Sawa mzee. Mlete mama kesho, nitaanza akiwa kliniki." Aliongea na heshima sana mpaka nikakasirika kidogo. Ilikuwa kitu ya kwanza nimejisikia leo, hiyo hasira ndogo. Ikapita.

Sokoni watanicheka. Nimefikiria uongo wa kuwaambia na hakuna umekuja. Pengine nitawaambia tu ni mbili.

Kumpigia Nafula ndiyo ilikuwa ngumu. Nilingoja mvua iishe kwanza, kama kwamba mvua ndiyo ilinizuia. Nikamwambia asante kwa chumba, lakini Mama Wekesa hatakuja.

Nafula hakukasirika. Aliuliza tu, "Shemeji, ni wewe umekataa ama ni yeye?"

Nilikaa kimya mpaka akafikiria laini imekatika, akaanza kusema haloo, haloo.

"Ni yeye," nikasema. "Mimi nilikuwa nataka aje."

Akasema, "Mm." Halafu akasema nimsalimie.

Sijui kama nampenda mke wangu leo vile nilikuwa nampenda mwaka jana. Nimeandika hiyo sentensi, nikaifuta, nikaiandika tena. Yeye yuko hapo ndani, nasikia redio yake. Nimempelekea chai na sijui kama niliweka sukari, lakini ameinywa.

Kesho ni Jumatano. Nitawasha gari saa kumi na mbili unusu asubuhi, tukiwa bado tumeinama hivyo, na kwa kile kijito nitapita mwendo wa mtu mzee. Kama nitakuwa najisikia kitu ama sijisikii, atafika.