Nilipomshangilia Baba Neema Mbele ya Mkwe

Ihanda, Jumamosi jioni

Na sijutii. Waache waseme.

Wiki nzima Baba Neema amenibembeleza niende nikamwone akivuta kamba. Mume wangu huyu, kwa mchezo huo, hata usingizini anahesabu, "Moja, mbili, vuta!" Basi nikaenda, nikasimama mbele kabisa.

Mara baba mkwe akatokea, akasimama upande wa pili, tukatazamana. Wanawake wote wakanigeukia. Huku kwetu mke wa mtoto akimwona baba mkwe anapisha, anajificha. Miaka sita nimepisha, hadi kuingia vichakani na ndoo ya maji kichwani.

Lakini leo Baba Neema alikuwa anateleza kwenye matope, wapinzani kutoka Msangano wanamburuta. Nikapaza sauti, "Kaza visigino, Baba Neema! Vuta!"

Akakaza. Timu yake ikashinda.

Njiani shangazi yake akaniambia, "Umemwaibisha mzee." Sijidanganyi, naogopa. Kesho baada ya kanisa ukoo unaweza kuniita, na Baba Neema mbele ya wazee huwa anakuwa bubu.

Jumamosi ijayo wanavutana na Mbozi Mission. Nitasimama palepale. Safari hii apishe mzee.