Mchanga wa Kwa Ndululu

Jumapili, 31 Agosti 2025

Nisamehe, daftari. Mara ya mwisho nilikuandikia mwanangu Mbula akitambaa, sasa anatembea na kuangusha sufuria zote. Sio kwamba nilikusahau. Ni uchovu. Nikiketi tu, macho yanajifunga. Lakini leo mtoto analala mchana na mimi nimeshindwa kulala. Nimekasirika!

Baada ya kanisa Mbaluka, mwenyekiti wa soko, alisimama nje akatutangazia geti la town. Ati geti! Nguzo mbili kubwa kando ya barabara ya Migwani, juu iandikwe karibu, na kwenye nguzo wachore historia yetu kwa rangi. Akatusomea: town ya Kwa Ndululu ilianzishwa na Mzee Ndululu alipofungua duka la kwanza. Watu wakapiga makofi. Mzee Ndululu ni babu yake, basi yeye alipiga kuliko wote.

Sawa, duka lilikuwa la kwanza. Sikatai. Lakini ni nani anafungua duka porini na hakuna mtu wa kununua chumvi? Simama tu hapo kwa kanisa uangalie. Kilima nyuma, barabara inashuka, inafika mtoni, na hapo mtoni ndipo nyumba zimejazana. Hazikufuata duka. Zilifuata maji. Mto wetu karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, mgeni anauvuka na viatu vyake akijiuliza hawa watu wanakunywa nini. Hajui maji yako chini. Na yako chini kwa sababu wanawake walijenga ukuta wa mawe na simiti kukatiza mto, mchanga ukajaa nyuma yake, na mvua ikinyesha ule mchanga unameza maji na kuyaweka. Mwaitu — mama mkwe wangu, Wavinya — alibeba yale mawe na mtoto mgongoni. Kwenye nguzo hayuko. Hata ukuta hauko!

Mwaitu mwenyewe alisikiliza akasema tu twende, jua kali. Mbula ameamka. Naacha.

Jumanne, 2 Septemba

Filimbi imelia. Kesho ni mwethya.

Hapa filimbi ya mwethya ikilia, kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe lake. Kazi ni ya wote. Hukwenda — wanakuja kwako, wanabeba kitu cha nyumba mpaka uombe msamaha. Hakuna cha niko na mtoto, hakuna cha naumwa mgongo. Filimbi iko na Mbaluka, anaivaa shingoni pamoja na funguo za duka. Ummi wa hoteli anasema analala nayo kama mbuzi na kengele, ili mkewe asimpoteze gizani. Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Sijui ni kazi gani. Labda mitaro ya barabara.

Jumatano, 3 Septemba

Siyo mitaro!

Tulifika mtoni, wanawake wengi, wanaume wachache wa kusimamia kivuli. Mbaluka akaonyesha na fimbo: chimbeni hapa, pakieni kwa punda, mchanga wa geti. Hapa wapi? Nyuma ya ukuta! Pale pale tunapoteka maji!

Nilidhani nimeona vibaya. Lakini watu waliinama, na mimi nikainama. Filimbi imelia, unafanya nini? Mbula mgongoni, analia, ananivuta nywele. Tulichimba hadi magotini, hadi mapajani, na karai langu likaanza kuwa zito. Mchanga umeloa. Halafu maji yakaja. Safi, baridi, yakizunguka miguu yetu. Mbula akanyamaza akayaangalia.

Mbaluka akachungulia, akasema — nataka nikumbuke vile alivyosema — "Sogeeni huko juu kidogo akina mama, hapa kuna maji."

Hapa kuna maji! Kama mtu aliyekuta siafu!

Nilimwaga karai langu palepale shimoni. Nikamwambia, Chairman, huu si mchanga wa geti, hii ni tanki yetu. Akacheka, si kwa ubaya. Akasema mvua italeta mwingine, mto haujawahi kukosa mchanga. Nikamwambia mvua ni Novemba na mtoto wangu anakunywa leo. Hapo akaacha kucheka. "Wewe msichana wa Kibwezi, umeolewa hapa juzi. Historia ya hapa umesomea wapi?"

"Kwa mtungi, Chairman. Nautua kichwani kila jioni."

Ummi alisema hee! Wengine walishika mdomo. Lakini hakuna aliyemwaga karai lake. Hata mmoja. Nilirudi nyumbani peke yangu, na kila mlango niliopita ulikuwa umefungwa kwa sababu wenyewe walikuwa mtoni wanachimba.

Ijumaa, 5 Septemba

Wamekuja. Wanaume watatu wa kamati ya Mbaluka. Wakasalimia vizuri, wakauliza mtoto hajambo, wakabeba jembe langu, karai na mtungi mkubwa. Nikawauliza maji nitateka na nini. Mmoja akasema hiyo ndiyo maana ya faini, mama Mbula. Na akachukua ndizi mkononi mwa mtoto akala kipande, kumchezea! Mbula alimwangalia tu. Mimi nilimwambia mrudishie. Akarudisha. Ndizi kipande.

Niliwaambia na mtoto wangu hamtacheza naye siku mliyomnyang'anya maji. Walitoka haraka.

Nikampigia Ben huko Sultan Hamud. Mume wangu anachomelea milango huko, mashine inanguruma, nusu ya maneno hayasikiki. Akasema si uombe tu msamaha. Akasema mwethya haukataliwi, utaniletea aibu kwa town. Kwa town! Yeye town yake siku hizi ni Sultan Hamud, maji yake yanatoka kwa bomba. Nilikata simu. Kisha nikajuta, kwa sababu Mbula alikuwa ananyoosha mkono aongee na baba yake.

Mwaitu amekaa mlangoni na hajasema neno. Nilitaka angalau aseme neno! Mawe alibeba nani?

Jumamosi, 6 Septemba

Shimo letu la kutekea maji mtoni limekauka. La Ummi limekauka. Pale wamechimba kumebaki bwawa wazi, mbuzi wanaingia ndani, jua linalimaliza. Foleni sasa iko mbali, huko chini kwa kona, na wanawake wale wale waliochimba wako kwenye foleni wananiangalia kama mimi ndiye niliyeyanywa maji yote. Mmoja akasema chini chini, ungejua kusema na wazee ungetusaidia. Mimi! Na mimi nimebeba sufuria ya ugali ndiyo mtungi wangu!

Ummi alinipa mtungi mdogo wa mafuta ya kupika. Akasema mandazi zake kesho hazitakuwepo, nimwambie Chairman apike geti, wasafiri wale.

Nilipofika nyumbani Mwaitu alichukua ile sufuria, akaonja maji, akayatema. Matope. Hapo ndipo aliongea. Aliongea akimwosha Mbula miguu, hakuniangalia.

Akasema ile filimbi haikuwa ya mwenyekiti. Zamani ilitundikwa kwenye mti hapo kwa ukuta, na ilikuwa ya mwenye shida. Nyumba imeungua, tuta la shamba limebomoka, unaenda unapuliza. Watu wanakuja kwanza, wanauliza baadaye. Siku ukuta ulianza, aliyepuliza alikuwa mke wa Ndululu mwenyewe, nyanya yake Mbaluka. Alikuwa amechoka kuamka usiku kufuata maji wakati bwana anahesabu misumari dukani.

Nikamuuliza, mbona hukusema siku ile kanisani? Akasema hakuna aliyemuuliza.

Nikamuuliza, na sasa mtu mwingine akipuliza, watakuja? Akaufuta mguu wa pili wa Mbula. "Watu hawaangalii mdomo, mwana wangu. Wanasikia filimbi, wanashika jembe."

Jumatatu, 8 Septemba

Lori limekuja. Limeegeshwa kwa duka la Mbaluka, tupu, bado liko na vumbi la barabara kubwa. Nguzo mbili tu, na punda wanatosha! Lori la nini, kama si kuuza mchanga wetu? Nilimuuliza mbele ya watu. Akasema ni mambo ya kamati, na filimbi italia kesho jua likishachomoza. Wanawake wamenung'unika, nimewasikia kwa masikio yangu. Lakini wakienda nyumbani walikuwa wanatafuta majembe. Najua. Filimbi ikilia wataenda.

Ben amepiga. Sikumpigia mimi, amepiga yeye. Mama yake alimpigia asubuhi kwa simu ya Ummi — sikujua! — akamwambia ni maji gani mtoto wake anakunywa. Leo mashine ilikuwa imezimwa. Akaniuliza, polepole, unataka nitume nini. Kuna gari la Migwani linatoka huko leo jioni, dereva atashusha mzigo hapa alfajiri.

Nimemwambia ngoja nifikirie, nitakuambia yote mara moja. Basi:

Jembe, kichwa tu. Mpini niko nao, ulichomoka wakausahau mlangoni.

Karai la chuma, si la plastiki, lile linapasuka na mchanga wa maji.

Mtungi mkubwa na kifuniko chake. Aangalie kifuniko!

Viatu vya Mbula. Mguu wake ni kama kidole changu cha kati, apime na chake.

Dawa ya kuweka kwa maji.

Na filimbi. Ile ya refa. Nimesema nikasikia Mwaitu anajibu kutoka ndani: mwambie ya chuma. Ya plastiki haisikiki ng'ambo ya mto. Na awaambie waifunge na kamba, ya shingo. Nataka nipulize pale ukutani kabla Mbaluka hajapuliza yake.